Kitu Nilichokigusa Shingoni mwa Fundi wa Sare

Mpendwa Mama Mshauri wa gazeti, shikamoo. Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu ambaye huwa namwambia kila kitu kwa sababu hasikilizi. Nimegusa kitu kwenye shingo ya mtu, nikanyamaza, na leo ni wiki ya tatu.

Nimemaliza shule mwaka huu na matokeo hayakuwa mazuri, na kwa kuwa shuleni walikuwa wananiita Bubu, nyumbani hakuna aliyejua nipelekwe wapi, mpaka mama mdogo akamwambia baba, "Nipe huyu. Ana mikono, mdomo utakuja wenyewe." Mama mdogo ana chumba nyuma ya saluni ya nywele, ambapo watu waliochoka huja kutulizwa. Si kukandwa, wengi hukosea hapo, wengine hufika wakisema, "Nikande hasa, nisikie mifupa ikilia," na mama mdogo huwaelekeza kwenye mashine ya kusaga nafaka. Kwetu mteja analala kitandani na nguo zake, anavua viatu tu, nawe unaweka viganja chini ya kichwa chake, halafu shingoni, mabegani, mwisho kwenye nyayo, bila mafuta na bila kubonyeza, unakaa hapo mpaka pumzi yake ishuke. Kabla sijaruhusiwa kumgusa mtu nilifanya mazoezi mwezi mzima kwa kuweka kiganja juu ya kifuniko cha plastiki kinachoelea kwenye beseni la maji, na maji yakiingia kifunikoni naanza upya.

Niliipenda kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, kwa sababu haihitaji maneno.

Mteja wangu wa kwanza kabisa ni mama mmoja fundi cherehani anayeshona sare za shule, hata yangu alishona yeye. Huja kila Alhamisi mchana akiwa na vipande vya nyuzi kwenye blauzi, anasema, "Haya mwanangu, niondolee hiyo cherehani mgongoni," na kabla sijafika mabegani ameshaanza kukoroma, na akiamka huona haya, ananiuliza, "Nimekoroma?" nasema hapana, naye anasema, "Muongo mkubwa wewe," basi tunacheka.

Sasa wiki tatu zilizopita amelala hivyo, viganja vyangu viko chini ya shingo, kidole kikagusa kitu upande wa kushoto, katikati ya sikio na bega, kigumu kama punje ya harage, na hakisogei. Nikajiambia ni msuli, maana washonaji hukaza upande mmoja, lakini msuli ukiutulizia mkono mwisho hulegea, na hiki hakikulegea. Wiki iliyofuata nikakikuta palepale. Alhamisi iliyopita sikuthubutu hata kupagusa, nikabaki kwenye paji la uso na nyayo, na alipoamka akasema, "Mwanangu, leo shingo umeninyima?" Nikamwambia imeshalegea. Akasema, "Imelegea wapi, nami nina shingo ya ng'ombe wa jembe!" Akacheka, akavaa viatu, halafu akasema neno ambalo sijaacha kulifikiria. Alisema binti yake anamsumbua aende hospitali kwa sababu amekonda na anachoka ovyo, lakini yeye amemjibu hana haja, mikono ya mtoto huyu inamtosha.

Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe mikono yangu ndiyo inayomzuia.

Mama mdogo sijamwambia kwa sababu ana sheria moja, kwamba tunachokisikia mikononi hakitoki mdomoni. Zamani alimwambia mteja mmoja kuwa moyo wake unarukaruka, yule baba akakaa wiki nzima hali wala hanywi vizuri, hospitali wakakuta hana kitu, akarudi kumfokea mbele ya watu, saluni nzima imesimama na vitana mikononi inasikiliza. Tangu hapo husema sisi si madaktari. Kwa hiyo nikisema na kumbe si kitu, nitakuwa nimemtisha mama wa watu bure na kumwaibisha mama mdogo aliyenitetea pale ambapo hakuna mwingine aliyenitaka, na nikinyamaza na kumbe ni kitu, sijui mikono hii nitaiweka wapi maisha yangu yote.

Naiogopa Alhamisi. Nifanye nini? Na nakuomba sana, Mama, jambo hili libaki kati yako na mimi, usimwambie mtu.

Binti wa chumba cha nyuma

*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikakuonea huruma, mara ya pili nikakasirika kidogo, kwa hiyo vumilia nikujibu kwa yote mawili.

Pumua kwanza. Hicho ulichokigusa huenda si kitu. Shingo ina tezi, na tezi huweza kuvimba hata kwa jino bovu, kisha zikarudi kawaida. Huenda pia ni kitu. Wewe hujui, mimi sijui, mama mdogo wako hajui, ndiyo maana wapo watu waliosomea. Ila uvimbe mgumu usiosogea, uliokaa wiki tatu, kwa mtu aliyekonda na kuchoka ovyo, huo haungojwi. Unaangaliwa.

Sasa nikugombeze. Kunyamaza kwako kwa woga nakuelewa, nami niliwahi kuwa msichana wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Lakini Alhamisi iliyopita hukunyamaza, ulimdanganya. Alikuuliza habari za shingo yake mwenyewe, ukamwambia imelegea. Wahenga walimwonya mficha maradhi, na sijui wangemwitaje anayemfichia mwenzake. Wala usiniambie ni sheria ya mama mdogo. Sheria hiyo ni nzuri na ameilipia kwa aibu, ila wewe umeifanya kubwa kuliko ilivyo. Kosa lake lilikuwa kumpa yule baba ugonjwa. Wewe huna ugonjwa wa kumpa mtu. Una mahali pa kumwonyesha, basi.

Leo hii, kabla saluni haijafungwa, mwambie mama mdogo. Usizunguke: "Mama, nimegusa kitu kigumu shingoni mwa fundi, wiki tatu sasa, na nilikosea kunyamaza." Atakugombeza, kubali. Mtu aliyesimama mbele ya baba yako akakuomba hatakufukuza kwa kusema kweli. Na akikukataza usimwambie fundi, mjibu kwa heshima zote kwamba utamwambia.

Kisha nendeni wote wawili kwa fundi anakoshonea, msingoje Alhamisi. Msimwambie mbele ya wateja wake, na msimwambie amelala kitandani kwenu, maana mtu aliyelala hana pa kujishikilia. Awe ameketi, cherehani imesimama. Sema, "Mama, hapa shingoni nimegusa kitu kidogo, sijui ni nini, naomba daktari akiangalie." Chukua kidole chake ukiweke pale, akisikie mwenyewe. Jina la ugonjwa lisitoke kinywani mwako, na "usijali" pia lisitoke, yote mawili huna haki nayo. Muombe radhi kwa lile la Alhamisi. Halafu mwambie wazi kwamba mikono yako inampumzisha lakini haimtibu, na kwamba hutamlaza tena mpaka arudi kutoka kwa daktari. Hilo la mwisho ndilo litakalomnyanyua kitini, kwa jinsi anavyokipenda kile kitanda.

Akisema anaogopa kwenda, nenda naye. Yule binti yake aambiwe pia, yeye alishaona kabla yenu. Kaeni wote kwenye benchi mpaka aitwe. Ukimshika mkono pale utakuwa umefanya kazi yako vizuri kuliko Alhamisi zote zilizopita, na hata kama daktari atasema ni jino tu, hukumsumbua bure, umemrudishia amani ambayo hakujua anakaribia kuikosa.

Umeniomba nikufichie siri. Jina lako sinalo na sitalitafuta, hilo nakuahidi. Lakini habari ya shingo ile haikuwa siri yako kuitunza wala yangu, na sasa hivi kila msomaji wa ukurasa huu anaijua isipokuwa mwenye shingo. Weka gazeti chini, binti yangu. Muwahi fundi kabla hajalifungua la kwake.