Kisanamu Ndani ya Mkate wa Wafalme

Dada Felista,

Tangu uondoke nimemshuku Madam wako, yule Mmeksiko uliyemfanyia kazi, kwamba ndiye aliyekuua. Haya, nimelisema.

Usinicheke. Ni wewe uliyenihadithia Januari ya mwaka jana ulivyokata kipande cha ule mkate wa duara wanaoula Wameksiko Sikukuu ya Tokeo la Bwana, siku ya wale wafalme watatu, ukakuta ndani kisanamu cheupe cha mtoto mchanga, kidogo kama harage. Ulifurahi hadi nikakushangaa. Ukasema anayekikuta ndiye mama wa ubatizo wa Mtoto Yesu, ile sanamu kubwa ya nyumba hiyo: anamshonea nguo, na sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni, tarehe mbili Februari, anawalisha wote tamale. Kwetu Bukoba nani anaficha sanamu kwenye chakula cha mtu kwa nia njema? Mwezi wa tano ukaanguka jikoni kwake. Madaktari wakasema moyo. Moyo gani, na wewe ulikuwa unapanda ngazi huku unaimba?

Basi kila Madam alipopita hapa mlangoni pa jengo lao ninapolinda, nilimfungulia huku nikitazama mikono yake. Akiniletea chakula nasema asante, halafu nampa paka wa maegesho.

Januari hii akashuka na kipande cha mkate ule kwenye sahani. Akasimama palepale, akisubiri nile. Nilipouma, meno yakagonga kitu kigumu. Kilikuwa kisanamu kilekile, Dada. Akapiga makofi, akasema Februari nisikose. Alipoondoka nikageuza kipande, na chini yake palikuwa na tundu la kidole. Hakikuokwa na mkate. Mtu alikisukuma baadaye, kwenye kipande changu mimi.

Otieno, yule Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja mtaa wa Al Nahda huku ugenini, aliniambia, "Bro, hiyo kitu tupa. Si ya kucheza nayo." Sikukitupa, niliogopa. Nilikifunga kwenye tishu, nikakigeuzia uso ukutani ndani ya kabati.

Tarehe mbili nilipanda juu kwake makusudi. Nisingeenda, angejua nimemshtukia. Tamale sijui kupika, nilikumbuka tu uliposema ni unga wa mahindi na nyama, unafungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke. Nikanunua majani ya mgomba kwenye duka la Wahindi Al Baraha, nikafunga ugali na kuku. Nikaapa sitaonja chochote cha nyumba ile.

Madam alifungua jani la kwanza, akanusa, akaanza kulia. Hata machozi yake niliyachunguza. Mezani Mtoto Yesu alikuwa ameketi kwenye kiti chake kidogo, ametoka kubarikiwa kanisani, kavaa shati la kitenge. Kile cha bluu chenye ndege, Dada, kilichobaki kwenye gauni lako la Krismasi. Mshono wako naujua.

Nikamuuliza bila kuzunguka nani alisukuma kisanamu. Hakukana. Akasema ni yeye, na kwamba ulimwagiza wewe, siku ileile ya tamale zako, mkiosha vyombo, ukamwambia: "Mwakani mpe mdogo wangu. Kila siku anakula amesimama mlangoni kama hana ndugu. Akikipata, itabidi apande aje akae." Akasema pia daktari alikuwa ameshauona ugonjwa wa moyo wako mapema, nawe ukamkataza yeye Madam asiniambie.

Kumbe ni wewe. Miezi tisa nanusanusa nyuma ya mama wa watu, kumbe njama yote umeipanga wewe! Nilikukasirikia sana. Bado nimekukasirikia, maana ulimwambia Madam, mimi hukuniambia. Mimi ndugu yako.

Lakini nilivuta kiti. Nikala, nikaongezewa, nikanywa na ule uji wao wa mahindi wenye mdalasini. Madam akasema kiti hicho ulikuwa unakaa wewe.

Kisanamu nimekigeuza, sasa kinatazama chumba. Nitamshonea Mtoto nguo ya mwakani kwa mkono wangu, hata ikienda upande. Na kipande chenye kisanamu kitakuwa cha Otieno. Nitakisukuma mimi mwenyewe, chini kabisa, asione tundu.

Pumzika sasa, Dada. Silali tena na hasira na mtu yeyote, isipokuwa wewe kidogo. Na chakula nakula nimekaa.

Mdogo wako,
Deo