Sakafu ya baba

Kasyoka, wacha chenye unafanya! Mama ametoboa siri ya baba ya '86!

Jumamosi moja mwaka huo baba alikataa kuita fundi. Akapiga sakafu ya sebule simiti mwenyewe, akianzia mlangoni. MLANGONI, Kasyoka! Akajikuta kwa kona, simiti mbichi mbele yake, na dirisha lina grili.

Mara pasta na wamama wa kanisa wakafika.

"Mzee, toka tuombe!" pasta akaita.

Baba akubali amekosea? Thubutu! Akajibu kutoka kwa kona kwamba yuko kwa maombi, amefunga mpaka kesho.

Mama, aliyemwambia tangu asubuhi aanzie kona, akasema tu, "Amina."

Akawapakulia wageni kuku wa baba pale pale chini ya dirisha.

Na pasta akamwomba nani abariki chakula? Baba! Kupitia grili!