Bodi Uliyoichomelea Wewe

Amalemba, Kakamega.
Jumanne, 9 Septemba 2025.

Kwako ndugu yangu Sifuna,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Christine. Natumaini barua hii itawakuta wazima wewe na Nekoye, na kwamba mvua ya huko Matete imewaachia mahindi ya kuvuna, maana huku inanyesha kila alasiri bila huruma. Sisi tu wazima, ingawa nikiandika neno hilo naona haya kidogo, na utaelewa ukifika chini. Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu. Namba yako ya simu ninayo. Mara nne nimeibonyeza nikakata kabla haijalia, kwa kuwa najijua: kwa simu ningeanza kujitetea.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno niliyokutamkia mwaka jana kanisani, mbele ya kwaya nzima na mbele ya mkeo. Nataka kuyafuta, ikiwa yanafutika.

Unakumbuka tulivyoanza. Laptopu ya kanisa ilikuwa ikivuma kama mzinga wa nyuki kila ilipounganishwa na spika, nasi tukaamua kujitengenezea kigeuzi chetu, kifaa cha kupokea nyimbo kutoka kwa laptopu zikiwa tarakimu tupu na kuzitoa zikiwa sauti safi. Mimi nilichora bodi kwenye kompyuta, kila njia ya umeme na mahali pa kila chipu. Wewe ukauhamisha mchoro kwa pasi ya nguo hadi kwenye kibao cha shaba, ukakiogesha katika dawa inayokula shaba, ndani ya beseni la Nekoye, kisha ukachomelea miguu ya chipu, midogo kama ya siafu, bila kugusanisha hata miwili. Nilikutazama nikijua kazi hiyo mimi siiwezi.

Siku ya kujaribu nilivaa hedifoni. Upande wa kushoto uliimba, upande wa kulia ukanong'ona. Ulijaribu kuniambia jambo, nami sikukupa nafasi. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba mkono wako ni wa kuziba sufuria zilizotoboka, si wa kushika chipu. Watu walicheka. Nekoye hakucheka. Ulikifunga kichomeleo chako kwenye kitambaa, ukamshika mkeo mkono, mkaondoka.

Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Neno lile la sufuria lilitembea mjini kuliko nilivyodhani. Watu waliokuletea redio na simu zao wakaanza kuzipeleka kwingine, wengine wakipita mbele ya kibanda chako wakiuliza bei ya kuziba sufuria. Kufika Krismasi ulikuwa umefunga na kurudi kwenu Matete. Nilipita hapo nikaona kufuli, nikajiambia kwamba fundi mbaya amejulikana. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, Sifuna, na nililala vizuri.

Nami nikaendelea kuchora. Katika bodi ya pili nilisogeza njia za upande wa kulia mbali na umeme. Katika ya tatu nikazipanua. Nilichomelea mwenyewe, nikaunguza chipu mbili na kidole kimoja. Kila mara kushoto kuliimba na kulia kukanong'ona. Mita ilinionyesha pande zote mbili zinatoa umeme sawa. Nikasema mita imeharibika, nikanunua nyingine, nayo ikasema vilevile. Nikamlaumu muuza chipu wa Nairobi. Bodi ya nne niliagiza itengenezwe ng'ambo kwa mashine, bila mkono wa mtu, nikaingojea wiki tano. Nayo ikanong'ona palepale. Christine, akimenya viazi, aliniuliza mbona bodi zote zinaugua ugonjwa mmoja, tena upande mmoja. Akaongeza, "Na wewe siku hizi hunisikiangi nikikuita." Nilimnunia siku mbili.

Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, binti yetu Mitchel alikuwa akisikiliza hiyo bodi ya nne. Alinipa hedifoni, nami bila kuangalia nikazivaa kinyume. Kama kosa lingekuwa la bodi, mnong'ono ungehamia sikio la kushoto. Haukuhama. Nilizigeuza, nikazigeuza tena, Mitchel akicheka akidhani ni mchezo. Ndipo nikaitoa bodi yako kutoka kwenye kopo nilimoificha, nikaiunganisha, nikamwomba asikilize. Aliniambia pande zote zinaimba sawa, na kwamba anawasikia hata waimbaji wa sauti ya pili wakivuta pumzi.

Daktari wa masikio alinipima. Alisema mshipa wa fahamu wa sikio la kulia umekufa karibu wote, huenda kwa sababu ya ile miaka tisa niliyosimama kiwandani upande huo ukielekea mashine za kusaga miwa, na kwamba hautarudi. Nilimshukuru, nikaenda kukaa nje kwenye benchi, nikalia.

Ningeweza kuishia hapo, nawe ungenihurumia. Lakini lililo zito bado sijalisema. Siku ile kanisani ulinisogelea ukanishauri kwa sauti ya chini nigeuze hedifoni, nisikilize tena. Nilikusikia na nilikuelewa. Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimeshaanza kuhamishia simu sikio la kushoto, na kukaa mwisho wa benchi ili watu wote wawe upande ninaosikia. Nilijua jaribio lako lingeonyesha nini, mbele ya kwaya inayonitegemea mimi niisikilizie sauti zake. Niliogopa. Nikatafuta neno la kukunyamazisha, na hilo la sufuria likaja upesi. Kwa hiyo usiseme Mathew alikosea kwa kutojua. Nilijua, nikaamua aibu iwe yako. Bodi zote nilizochora baadaye zilikuwa za kujidanganya.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya kwaya nikaeleza haya yote. Mzee Wanjala, anayetuongoza, aliniuliza kama wewe umeshaambiwa. Nikasema bado. Akaniambia basi niketi, kwa sababu sijasema kitu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Lakini hata barua haitoshi. Nilikuaibisha hadharani, na hadharani ndipo pa kukusafisha. Wiki ijayo, siku ya soko, nitafika huko Matete, hapo unapofanyia kazi sasa. Nitawaambia wateja wako na yeyote atakayepita kwamba bodi uliyoichomelea ndiyo inayoimba sasa kanisani kwetu kila Jumapili, na nitawaambia nilichokutendea na sababu yake. Wakinicheka, waache wacheke. Si lazima unisamehe, wala sikuombi urudi Kakamega.

Msalimie Nekoye, ikiwa ataipokea salamu yangu, na mama yako pia. Christine anawasalimu sana. Mitchel anauliza ni lini utamfundisha kuchomelea; nimemwambia hilo si langu kujibu.

Siku hiyo ukitaka kunijibu, liwe neno jema au baya, nakuomba usimame upande wangu wa kushoto. Nataka kulisikia lote.

Ni mimi niliyekukosea,
Mathew Andati