Wembe wa Aduor

Jumanne. Miaka sabini na nane ninayo, na nimeishi kuwapita wenye nyumba wote walionifukuza hapa Mashimoni. Sasa nimempita mke wangu Rosa pia. Hiyo sikuipanga.

Kwetu ukizika bibi unanyolewa kichwa, ndio kumuaga. Mimi nimekataa tangu turudi kutoka mazishi. Leo dada yangu Aduor ametoka Kawangware tena na wembe wake. "Kichwa ngumu wewe! Hizo mvi unamfugia nani?"

Mjukuu wangu Achieng alikuwa anasoma habari ya shimo jeusi la angani. Akasema kitu kikianguka humo, sisi wa nje tunaona saa yake ikienda polepole, mpaka kinakuwa kama kimesimama mlangoni.

Nikamwambia Aduor, "Umesikia? Rosa bado yuko mlangoni."

"Hapana, kwara," Achieng akaniambia mimi babu yake. "Kwake saa haikusimama. Aliingia kitambo. Ni nuru yake tu inachelewa kutufikia."

Hapa Mashimoni hakuna amewahi kunishinda kwa maneno. Mpaka leo. Sikulia, sikuhisi kitu. Nikakaa kwa kiti, nikainamisha kichwa.

Asiyeamini amuulize Aduor. Yeye ndiye alifagia nywele.