Dada Yangu Ndiye Mwenye Kunialika

Tirunelveli,
10 Aprili 1988

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima hapa bweni la walimu, ila joto la mwaka huu linatukaanga. Goti lako linaendeleaje? Na mkaza mjomba Annathai, kifua kimetulia? Asumini za shambani zimechanua?

Mjomba, naolewa. Ndani ya barua hii utakuta kadi. Mchumba ni Senthur, mwalimu mwenzangu wa hesabu, mtu mpole asiyependa makuu. Harusi ni Ijumaa tarehe 27 Mei, kwetu Nallur, na saa njema tuliyotazamiwa ni kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu asubuhi.

Najua miaka miwili hujakanyaga kwetu, tangu nilipokataa kuolewa na binamu Ilamaran. Najua pia kwamba ilikuwa haki yako kuniposea mwanao kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini bibi harusi huvishwa koja la kwanza la maua na mjomba wake, na mimi mjomba ninaye mmoja tu. Usipokuja nitatoka mbele za watu shingo tupu. Njoo, tafadhali.

Mpwa wako,
Kayalvizhi

Karuvelampatti,
17 Aprili 1988

Mpwa wangu Kayalvizhi,

Marahaba. Goti linauma. Mkaza mjomba wako anakohoa, ila pumzi ya kunigombeza haimwishii. Asumini zimechanua mpaka zinaudhi.

Sasa tusikilizane. Kadi yako nimeipokea kwa tarishi wa posta, jembe likiwa mkononi mwangu. Tarishi! Huyuhuyu anayeleta habari za misiba ya watu. Mmeipaka manjano pembe zote nne, vizuri sana, lakini mjomba haalikwi kwa stempu. Mjomba huendewa wa kwanza, kabla hata ya jirani wa ukuta, tena huendewa na dada yake mwenyewe, kashika sinia la tambuu, popoo, manjano na poda nyekundu. Kwani mimi mkaguzi wa shule, hata nitumiwe kadi?

Nani alikupakata siku ya kutobolewa masikio, ukamkojolea nguo mpya? Ulipovunja ungo, nani alikujengea kibanda cha makuti mabichi kwa mikono yake miwili? Habari ya Ilamaran imekwisha, anaoa mwishoni mwa Agosti. Usidhani amekonda kwa ajili yako, anakula kama fahali. Hilo nimesamehe. La kadi sijasamehe. Mwambie Muthurakku, mama yako, aje kunialika. Asipokuja, nawatakia harusi njema.

Mjomba wako,
Sudalaimuthu

Tirunelveli,
24 Aprili 1988

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena. Natumaini goti limepata nafuu, na hasira pia.

Kwa kadi nakuomba radhi. Kwa Ilamaran sikuomba radhi wakati ule wala siombi leo: tumeoga bwawa moja, tumeibiana miwa, kwangu ni kaka. Nafurahi sana kusikia anaoa.

Kadi niliituma mimi, mjomba, maana mama amekataa kuja kwako. Si kiburi. Tangu baba afariki na mama avuliwe kidani chake cha ndoa, mashangazi wamemjaza maneno kwamba mjane akibeba manjano na poda nyekundu kwenda kualika, ndoa inaingia nuksi. Wageni wote anawaalika shangazi Pechi. Siku ya harusi mama atakaa jikoni, nyuma ya ukumbi, mpaka mimi niwe nimeshafungwa kidani changu. Yeye mwenyewe amekubali! Nimegomba, nimelia, jibu lake ni moja: "Mwanangu, chochote kikiharibika watasema ni mimi."

Basi niambie, nije mimi na sinia?

Mpwa wako,
Kayalvizhi

Karuvelampatti,
9 Mei 1988

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi, nimeisoma mara nne, na kila mara chakula kimenishinda.

Usije. Tangu lini bibi harusi akajibebea sinia? Na huyo Pechi akitia mguu hapa nitamfungulia mbwa. Mimi nina dada mmoja duniani, na yeye ndiye mwenye kunialika, kwa mkono wake. Akinialika naja. Asiponialika siingii. Sina la kuongeza.

Mjomba wako,
Sudalaimuthu

Nallur,
12 Juni 1988

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kutoka kwa Senthur. Sisi wazima, tumekuja kumtembelea mama. Pole na goti, najua liliteseka siku ile.

Wewe ulikuwa nje getini, ya ndani hukuyaona. Acha nikuhadithie.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimekwisha kukata tamaa. Shangazi Pechi alikuwa ananinong'oneza kwamba koja atanivika mumewe, watu hawatajua. Kumbe kila mtu angejua! Mara tukasikia zumari na ngoma. Wanawake wakajaa madirishani kuhesabu masinia: ndizi, nazi, miwa, sari, asumini zilizorundikwa mpaka kumficha mbebaji. Arobaini na moja! Mbele yuko Ilamaran na koja langu, pembeni mbuzi mwenye pembe zilizopakwa manjano. Nilitaka kupiga kelele za furaha, nikakumbuka mimi ni bibi harusi.

Halafu msafara ukasimama. Ngoma zinalia, hakuna anayeingia. Shangazi Pechi akakutokea na sinia lake. "Karibu kaka, karibu ndani, saa inakwenda."

Sauti yako ilifika mpaka nilipoketi. "Mimi hapa sijaalikwa. Nimekuja kungojea mwaliko."

"Kwani kadi hukuipata?"

"Niliipata. Nikampa huyu mbuzi, akala."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, isipokuwa shangazi. "Sudalaimuthu, unajua fika mjane hashiki sinia hili!"

"Huyo mjane ndiye aliyemzaa bibi harusi. Kama ana nuksi, basi nuksi yenu imekaa kwenye kiti cha harusi. Mbona hamuitoi?"

Kuhani alitazama saa yake, akatazama moto, akatazama saa tena. Ikafika saa moja. Nikainuka nimfuate mama, wakanirudisha kitini.

Ya jikoni nimesimuliwa na mpishi. Anasema mama alikuwa anamenya vitunguu, kichwa chini, kana kwamba hasikii. Kisha akaweka kisu, akanawa mikono, akasema, "Kaka yangu ana goti bovu, mtamsimamisha mpaka lini?" Akapita katikati ya ukumbi na sari yake ileile ya jikoni. Watu wakampisha. Akalichukua sinia mikononi mwa shangazi bila kuomba, akakufikia, akasema kwa sauti niliyoisikia kila neno, "Kaka, binti yangu anaolewa. Karibu."

Na wewe, mjomba, unayeita mbuzi kijiji cha pili wakasikia, ulinong'ona tu, "Haya, dada." Uliinama, ukachukua tambuu, ukamshika mkono, mkaingia pamoja. Uliponivika koja alikuwa kando yako. Kidani kilipofungwa, saa moja na dakika ishirini, alikuwa mbele kuliko mashangazi wote, na mikono yake ndiyo ya kwanza kuturushia mchele wa manjano. Bibi mmoja wa upande wa Senthur alipouliza huyo ni nani, nilimjibu kwa sauti mpaka walioketi nyuma wakasikia: "Huyo ni mama yangu!" Sijapata kujivuna vile maishani.

Leo asubuhi nimemuuliza kama hakuogopa. Akasema, "Niliogopa, tena sana. Lakini masinia arobaini na moja yalikuwa yamesimama mlangoni yakiningoja mimi. Ningebakije jikoni?"

Mpwa wako mwenye mjomba,
Kayalvizhi