Ng'ombe wa Mahari Ubaoni

Jumanne, jioni

Wiki nzima nachora mishale ubaoni kufundisha fanksheni za hisabati: kila kitu cha seti ya kwanza kinatoa mshale mmoja tu kwenda seti ya pili. Nasema kuna aina ambayo hakuna kitu cha seti ya pili kinachobaki bila mshale, na kidato cha tano wananitazama tu. Nilianza kuamini sijui kufundisha.

Leo Kabula, ambaye hanyooshi mkono kamwe, akasimama.

"Mwalimu, si ni kama ndugu wakigawiwa ng'ombe wa mahari? Baba mkubwa anaweza kupata hata watatu, lakini mjomba mmoja akikosa, harusi hakuna."

Ndiyo hiyo hiyo! Nilipiga makofi peke yangu.

Nikawatega: "Na wajomba wawili wakipewa ng'ombe huyo huyo mmoja?"

Darasa zima likapaza sauti: "Hiyo siyo fanksheni, mwalimu. Hiyo ni kesi!"