Walima Nyuma ya Geti

Jumamosi, 3 Mei

Wageni wanne leo, Wataliano. Nimewazungusha Mji Mkongwe wote. Kiitaliano changu, wakaniuliza kama nimezaliwa Roma. Shule niliiacha darasa la sita, lugha tano nimeziokota barabarani. Nani mwengine?

Kurudi nyumbani, geti. Lile la chuma, hoteli waliloliweka kwenye mdomo wa uchochoro wetu. Wataliano wakataka kuchungulia ndani, wakapita bila kuulizwa, na wala hawalali pale. Mimi mlinzi kanizuia, nizunguke njia ya nyuma. Mussa, mtu wa Uroa, mweusi kama mimi. Ngozi ndiyo pasi. Nimezaliwa ndani humo! Nimekasirika mpaka sasa.

Jumatatu, 5 Mei

Mama kazunguka tena na beseni lake la vitumbua mpaka sokoni. Goti limevimba kama boga. Leo kasema: geti likibaki, tunahamia Fuoni, kama walivyohama wenzetu. Nyumba za wenyeji humu zimebaki tatu. Nyengine zote hoteli. Mwekezaji wa hoteli anataka tuchoke wenyewe.

Naogopa. Naandika hapa tu, simwambii mtu.

Sheha, mkubwa wa serikali hapa mtaani, tushamwendea mpaka aibu. Jawabu moja: "Nitakuja kuangalia." Haji.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata! Kichwa hiki kingesoma, kingekuwa waziri. Harusi ya mdogo wangu Mwanahawa ni Ijumaa. Chakula cha walima ilikuwa tule kwa mjomba, Kikwajuni. Nimekataa. Tutakula kwetu, nyuma ya geti. Sheha haendi kuangalia geti, lakini pilau ya harusi hajaikosa hata moja. Mwaliko nimempelekea kwa mkono wangu. Sikutaja geti.

Mama: "Una wazimu wewe." Lakini kacheka. Siku nyingi sijamuona kucheka.

Ijumaa, 9 Mei

USHINDI!

Sheha kaja na joho lake, kofia mpya, manukato mpaka mwisho wa mtaa. Mussa kamsimamisha. "Shikamoo mzee. Hapa wageni tu."

"Mimi sheha wa hapa!"

"Ndivyo nilivyoambiwa, mzee. Wenyeji wazunguke."

Pale pale Wazungu wawili, kaptura na ndara, wakampita sheha ubavuni. Mussa akawafungulia. Mimi niko ndani nimeshika sinia, najing'ata mdomo.

Sheha jasho likamtoka. Akapiga ukelele mpaka wanawake juu wakaacha vigelegele wasikilize. Meneja akashuka mbio. Sheha: "Hii njia ya watu, nani kakupa ruhusa ya kuifunga?" Meneja kigugumizi. Kumbe hana ruhusa yoyote! Miezi yote hii! Fundi wa hoteli mwenyewe kaitwa, kaling'oa, na pilau haijapoa.

Sheha akaingia mbele, mimi nyuma yake kifua mbele, utasema harusi yangu. Mussa nikamvuta kwenye sinia letu. "Kula kaka, ugomvi si wako." Kala kuliko bwana harusi. Wazungu nao tukawaita, wakakaa mkekani, wakaungua vidole.

Nimejisifu usiku kucha. Nna haki.

Jumapili, 11 Mei

Asubuhi nimekaa kizingitini. Wamepita watoto wa chuoni na misahafu yao. Kapita muuza kahawa. Halafu mke na mume, siwajui, wanazozana bei ya samaki changu. Nikakunja miguu wapite.

Mama katoka na beseni, kanyoosha moja kwa moja. Hata hakugeuka kuniangalia.